Mjerumani wa Kenya aliyewatangulia mabingwa: Enzi ya madereva wa ridhaa katika Safari Rally

MASIKA yanapoingia kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, wazee wa Embu, Chuka na Meru hukumbuka mengi zaidi ya msimu wa kupanda. Hukumbuka Pasaka za zamani, wakati watu walipojipanga juu ya kingo za barabara tangu alfajiri, wakisubiri mngurumo wa magari ya Safari Rally kutoka upande wa pili wa bonde.

Majina ya madereva wa enzi hiyo bado yanatajwa: Joginder Singh, Shekhar Mehta, Vic Preston, Bert Shankland. Jina moja, hata hivyo, halisikiki sana siku hizi, ingawa mwenye jina hilo alishinda mashindano hayo miaka miwili mfululizo. Ni Edgar Herrmann, Mjerumani aliyefanya makao yake nchini Kenya, ambaye pamoja na mwelekezi wake, Hans Schüller, alitwaa ubingwa mwaka 1970 na tena mwaka 1971.

Ushindi huo wa pili una uzito wa kipekee katika historia. Tangu mashindano yaanzishwe mwaka 1953, hakuna dereva kutoka ng’ambo aliyekuwa amewahi kuyashinda. Kila mwaka taji lilibaki mikononi mwa wakazi wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao walikuwa madereva wa ridhaa, yaani watu waliokuwa na kazi nyingine za kuwapa riziki na walioendesha mbio kwa mapenzi tu. Herrmann alikuwa wa mwisho katika mnyororo huo wa miaka 19. Mwaka uliofuata, mnyororo ulikatika.

Ilikuwaje watu wa ridhaa wakawashinda mabingwa wa Ulaya kwa muda mrefu kiasi hicho? Jibu lake halipatikani ndani ya injini za magari pekee. Linapatikana pia katika barabara zenyewe, zikiwemo zile zilizokatiza mabonde ya Embu na Meru.

Mbio zilizozaliwa wakati wa dhiki

Mashindano hayo yalianza kwa jina la Coronation Safari, mwishoni mwa Mei 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Wazo lilikuwa la Eric Cecil na binamu yake, Neil Vincent. Inasimuliwa kwamba hawakuridhishwa na mbio za kuzunguka uwanja mmoja mara kwa mara, wakataka mashindano ya kusafiri kwenye barabara halisi za Kenya, Uganda na Tanganyika.

Magari yalikuwa ya kawaida, kama yalivyouzwa madukani, nayo yaligawanywa katika makundi kwa kuzingatia bei zake. Mwaka huo wa kwanza hakutangazwa mshindi wa jumla, ingawa Alan Dix, aliyeendesha Volkswagen, ndiye aliyemaliza akiwa na alama chache zaidi za adhabu.

Ikumbukwe kwamba wakati huo Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kufuatia vita vya Mau Mau. Wakikuyu, Waembu na Wameru walibanwa na amri kali za kudhibiti mienendo yao, na misitu ya Mlima Kenya ilikuwa uwanja wa mapigano. Kwa hiyo, huku walowezi wakishindana kwa furaha kutoka mji hadi mji, mwenyeji wa Embu au Meru hakuwa huru kusafiri apendavyo katika nchi yake mwenyewe.

Jambo hilo halina budi kutajwa kila isemwapo kwamba Safari ilikuwa mashindano ya “wenyeji”. Neno hilo kwa miaka mingi lilimaanisha wakazi wenye asili ya Ulaya na Asia, ambao ndio waliomudu kununua na kutengeneza magari. Mwafrika alikuwa pembeni mwa barabara, akitazama, na mara nyingi akiitwa kusukuma gari lililokwama matopeni.

Saa ndiyo hakimu

Ili kuelewa sababu za wakazi kutamba, ni vyema kwanza kueleza jinsi mashindano yenyewe yalivyoendeshwa.

Safari ya enzi hizo ilifuata njia ya takriban kilomita 5,000 au zaidi, iliyokamilishwa kwa muda wa siku nne hivi, mchana na usiku, wakati wa Pasaka. Magari yaliondoka moja baada ya jingine. Njiani kulikuwa na vituo vya kukagua saa, na kila gari lilipangiwa muda wa kufika katika kila kituo. Dakika moja ya kuchelewa ilikuwa alama moja ya adhabu. Aliyekusanya alama chache zaidi ndiye aliyekuwa mshindi, na aliyechelewa kupita kiasi aliondolewa.

Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano aliweza kukutana na lori la mahindi, basi la abiria, mkokoteni au kundi la ng’ombe katika kona yoyote. Katika baadhi ya sehemu, muda uliowekwa ulikuwa mfupi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuutimiza. Swali halikuwa nani ataepuka adhabu, bali nani ataadhibiwa kidogo kuliko wenzake bila kulivunja gari lake.

Hapo ndipo wageni wengi waliposhindwa. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, ni saba tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yalianza magari 93, na yaliyomaliza yalikuwa saba vilevile. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, mkazi wa Kenya, akiendesha Peugeot 404 pamoja na mwelekezi wake, Paddy Cliff.

Erik Carlsson wa Uswidi, aliyeshinda mbio mashuhuri za Monte Carlo mwaka 1962 na 1963, alikuja Afrika Mashariki na Saab yake. Nafasi ya juu aliyoweza kufikia ilikuwa ya pili, mwaka 1964, nyuma ya Peter Hughes, mkazi wa hapa.

Mabonde yasiyosamehe

Tazama sasa ramani ya upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Kutoka mlimani, wenye kimo cha mita 5,199, mito mingi huteremka kuelekea Mto Tana. Msafiri atokaye Embu kwenda Meru huikata mito hiyo mmoja baada ya mwingine: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo. Kila mto umejichimbia bonde lake.

Kabla ya barabara kuu ya lami kujengwa, njia ya zamani ilifuata maumbile. Iliteremka kwa kona juu ya kona hadi kwenye daraja jembamba, ikavuka, kisha ikapanda tena kwa kona nyingine hadi kwenye mgongo wa kilima, na papo hapo ikaanza kuteremka upya. Kati ya Embu na Meru, umbali unaozidi kilomita 100, dereva hakupata nafasi ya kutosha ya kupumzisha mikono yake kwenye usukani.

Udongo wa huko ni mwekundu, uliotokana na miamba ya volkano. Ni udongo uliobarikiwa: ndio unaostawisha kahawa na majani ya chai. Lakini ukinyeshewa, huteleza kama sabuni. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huupiga mlima upande huo na kuangusha mvua nyingi, hasa kati ya Machi na Mei. Pasaka huangukia katika kipindi hicho hicho.

Ndiyo sababu kuzunguka Mlima Kenya kwa kupitia Embu, Meru na Nanyuki kulihesabiwa miongoni mwa mitihani ya Safari. Si mtihani wa kasi. Gari lenye nguvu nyingi halikufaidika sana mahali ambapo hapakuwa na mita 200 zilizonyooka. Aliyefaidika ni yule aliyejua kona ipi hujikunja zaidi kuliko inavyoonekana, daraja lipi halioni magari mawili kwa wakati mmoja, na wingu lipi juu ya mlima linamaanisha kwamba bonde la mbele tayari limelowa.

Maarifa ya aina hiyo hayakununuliwa. Yalikusanywa mwaka baada ya mwaka na watu waliosafiri barabara hizo kwa shughuli zao, waliofanya mazoezi mwishoni mwa juma, na waliojua Kiswahili cha kutosha kumuuliza mkulima aliyesimama kandoni iwapo mto umefurika. Hiyo ndiyo iliyokuwa hazina ya dereva wa ridhaa.

Herrmann na magari ya Datsun

Edgar Herrmann aliingia katika orodha ya mabingwa wakati kampuni za Japani zilipokuwa zikitafuta jina duniani. Nissan ilianza kupeleka magari yake ya Datsun katika Safari mwaka 1963, na kiongozi wa juhudi hizo alikuwa Yasuharu Namba. Wajapani walitambua mapema kwamba gari likiweza kustahimili barabara za Afrika Mashariki, hakuna mnunuzi atakayetilia shaka uimara wake.

Walitambua pia jambo la pili. Badala ya kutegemea madereva mashuhuri wa Ulaya pekee, waliyakabidhi magari yao kwa wakazi wa hapa. Kiwanda kilileta gari na mafundi. Mkazi alileta maarifa ya barabara.

Mwaka 1970 ushirikiano huo ulizaa matunda. Herrmann na Schüller walishinda wakiendesha Datsun 1600 SSS, gari dogo la milango minne ambalo kwa macho halikutofautiana sana na lile la mwalimu au karani aliyekuwa na uwezo wa kununua gari. Aidha, Datsun ilitwaa tuzo ya timu.

Mwaka 1971 Herrmann alirudi na gari tofauti kabisa. Datsun 240Z lilikuwa gari la michezo la viti viwili, lenye injini ya silinda sita na ukubwa wa lita 2.4. Wapo waliodhani gari refu la mbele na jepesi la nyuma kama hilo lisingeyaweza matope. Herrmann alishinda kwa mara ya pili mfululizo, na nafasi ya pili ikachukuliwa na kijana Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiendesha 240Z. Nafasi ya tatu ilikwenda kwa Bert Shankland wa Tanzania katika Peugeot 504.

Matokeo hayo yanastahili kutazamwa kwa makini. Nafasi zote tatu za kwanza zilishikwa na wakazi wa Afrika Mashariki: mmoja wa Kenya, mmoja wa Uganda na mmoja wa Tanzania. Rauno Aaltonen wa Finland, bingwa wa Ulaya wa mwaka 1965, alikuwa na gari la aina ile ile ya Herrmann, lakini alimaliza katika nafasi ya saba.

Magari yote mawili yaliyompa Herrmann ushindi yamehifadhiwa hadi leo katika hazina ya kampuni ya Nissan mjini Zama, Japani. Ni heshima ambayo madereva wengi waliolipwa fedha nyingi zaidi hawakuipata.

Mwaka wa mabadiliko

Mnamo 1972, kampuni ya Ford ilikuja na mpango mwingine. Ilimleta Hannu Mikkola wa Finland na mwelekezi wake Gunnar Palm wa Uswidi, ambao walikuwa wameshinda mbio ndefu za London hadi Mexico mwaka 1970. Walikuwa na gari la Ford Escort RS1600, lakini silaha yao kubwa ilikuwa maandalizi. Mgeni sasa alikuja mapema, akajifunza njia, akaandika kila kona katika daftari, na akasindikizwa na kikosi kizima cha mafundi.

Kwa maneno mengine, yale ambayo mkazi aliyapata kwa miaka, mgeni aliyapata kwa wiki kadhaa na kwa fedha. Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka ng’ambo kushinda Safari. Herrmann, bado na Schüller na bado katika Datsun 240Z, alimaliza wa tano.

Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika mashindano ya dunia, na uzito wa viwanda ukazidi. Hata hivyo, wakazi hawakusalimu amri mara moja. Mwaka huo huo Mehta alilingana kwa alama na Harry Källström wa Uswidi, akapewa ushindi kwa kuwa alisafiri mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kisha alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na kufikisha mataji matano. Hakuna aliyewahi kushinda mengi zaidi.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ndiye mfano bora wa maisha marefu katika mchezo huo. Mwaka 1965 alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 katika Mitsubishi Lancer. Kati ya mwaka 1959 na 1980 alishiriki mara 22 na kumaliza mara 19. Wenye kujua matope ya Pasaka wataelewa kwamba hesabu hiyo ya pili ndiyo ya ajabu zaidi.

Kwa upande wa Ujerumani, historia ina kejeli yake. Walter Röhrl, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1980 na 1982, hakuwahi kushinda Safari. Mwaka 1987 alimaliza wa pili katika Audi, nyuma ya Mikkola yule yule. Taji ambalo bingwa huyo wa dunia alilikosa, Mjerumani mwenzake aliyeishi Kenya alikuwa amelitwaa mara mbili.

Waliobaki pembeni mwa barabara

Ilichukua miaka mingi kabla ya Mwafrika kutoka pembeni mwa barabara na kuketi nyuma ya usukani kwa matumaini ya kweli. Mwaka 1994, ambapo Mkenya Ian Duncan alishinda katika Toyota Celica, Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa jumla katika Subaru Impreza. Hadi sasa Duncan ndiye mkazi wa mwisho kushinda Safari ya ngazi ya dunia.

Mbio zenyewe zilibadilika sura. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 njia ilibaki ndani ya mipaka ya Kenya pekee. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ratiba ya dunia, na iliporejeshwa Juni 2021 makao yake yalikuwa Naivasha. Siku hizi sehemu za mashindano hazifiki kilomita 400 kwa jumla, nazo hufungwa ili magari mengine yasipite. Usalama umeimarika, na hakuna anayeweza kulalamikia hilo. Lakini mzunguko wa Mlima Kenya haumo, na mtoto wa Runyenjes au Nkubu anayetaka kuyaona magari hayo hana budi kusafiri hadi Bonde la Ufa au kuketi mbele ya runinga.

Moyo wa ridhaa haujafa kabisa. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na Safari ya magari ya kale, ambako watu wenye shughuli zao huleta Porsche, Datsun na Escort za zamani. Nayo Safari ya 2021 ilimshuhudia Sobiesław Zasada wa Poland, aliyekuwa wa pili mwaka 1972, akishiriki tena akiwa na umri wa miaka 91. Ndiye dereva mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuanza mbio za ngazi ya dunia.

Huko Embu na Meru, kona nyingi za zamani zimeachwa kando na barabara ya lami, lakini mabonde hayakuondoka. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia katika bonde la Mto Nithi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Haikuwa mara ya kwanza kwa daraja hilo kuleta majonzi.

Madereva wa enzi ya Herrmann walifika katika mabonde hayo wakijua kwamba barabara ina nguvu kuliko gari. Walipunguza mwendo mahali palipohitaji kupunguzwa, na kwa kufanya hivyo wakawatangulia waliokuwa na kasi zaidi. Kwa anayeshuka leo kuelekea Nithi akiwa na abiria nyuma yake, hilo ndilo fundisho kubwa zaidi ambalo Safari iliacha katika sehemu hizo, nalo halihitaji gari la mashindano ili kulitumia.